Texas, California na Ubao wa Mama

Dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi California, aliandika Jumatano kwenye kundi la familia kwamba amepata kazi Texas na anatakiwa kutoa jibu kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata. "Nisaidieni kufikiria," alimalizia. Angetuomba figo, tungeuliza maswali. Kwa kuwa alituomba maoni tu, hatukuuliza hata moja. Jioni hiyo hiyo tulikuwa tumeunda kamati.

Kwetu jambo haliwi jambo mpaka lipate mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Mwenyekiti ni kaka yangu mkubwa, aliyestaafu kutoka kiwanda kimoja cha nguo pale Eneo la Viwanda Thika. Alipata cheo hicho kwa umri na kwa sauti. Mweka hazina ni mke wangu, kwa sababu ndiye pekee tunayemwamini sote. Mimi ni katibu. Nilisoma uchumi chuo kikuu, na tangu siku niliyovaa joho familia imeamini kwamba kazi ya mchumi ni kuandika yale ambayo wengine wanasema. Hata jina la utani nililo nalo, Daktari, linatokana na shahada ya uzamifu niliyoianza miaka mingi iliyopita na ambayo, kwa lugha ya heshima, bado inaendelea.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Amerika. Hilo sikuliandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwa siku tatu nilikaa na kompyuta mezani kwangu Ruiru, karibu na Nairobi, nikichora jedwali. Upande mmoja California, upande wa pili Texas. Katika kodi ya mapato ya jimbo niliandika kwamba California wanakata, tena bila haya, na Texas hawakati. Kisha nikaongeza, kwa haki, kwamba Texas wanakusubiri kwenye kodi ya umiliki wa nyumba, siku utakapothubutu kununua. Mshahara wa muuguzi ni mkubwa zaidi California. Nyumba ni rahisi zaidi Texas. California wana hali ya hewa ya kuanika nguo mwaka mzima, pamoja na mitetemeko na moto wa misituni. Texas wana joto la kukaangia yai, na vimbunga. Niliweka rangi: kijani kwa palipo nafuu, nyekundu kwa palipo balaa. Nilipomaliza, jedwali lilifanana na kitenge.

Mstari mmoja ulinishinda. Niliuita "Ubora wa maisha" na nikauacha wazi, nikijiambia kwamba nitaurudia.

Halafu nikafanya kosa ambalo, naamini, linaweza kufanywa tu na mtu aliyezaliwa kati ya Mto Chania na Barabara ya Thika. Dola hazikunitosha. Shilingi nazo zilikuwa na sifuri nyingi mno kichwani. Nikabadilisha kila kitu kuwa ploti. Kwetu ploti ya futi hamsini kwa mia ndicho kipimo halisi. Ukimwambia mtu gari fulani ni bei gani ataguna, lakini ukimwambia ni ploti mbili za Ruiru atashika kichwa. Kwa hiyo kodi ya nyumba anayolipa dada yangu kwa mwaka ikawa ploti na kipande. Ushuru wa jimbo la California ukawa ploti bila hati. Mwisho wa jedwali, kwa herufi nzito, niliandika: "Ploti zinazobaki kwa mwaka". Texas ilishinda kwa mbali.

Sitasema uongo. Nilitaka Texas ishinde kabla sijafungua kompyuta. Nyumba yetu ya Ruiru tuliijenga kwa ushirika na dada yangu: sisi tuishi chini, naye apate ghorofa ya juu ya kufikia akirudi. Ghorofa ya chini iliisha. Ya juu ni nondo tu, zimesimama angani miaka sita zikiota kutu, na mke wangu amefunga kamba za nguo kati yake. Kila niliposoma kwamba Texas haikati kodi ya mapato, nilikuwa naziona nondo zile zikipata saruji. Mchumi hatakiwi kuwa na upande. Mimi nilikuwa na upande, nao ulikuwa na suruali za watoto zikipepea juu yake.

Jumapili tulikutana Thika, kwa mama.

Mama anaishi peke yake katika nyumba ileile ya mawe tuliyolelewa, kwenye mtaa ambao watu wengi ni wapangaji wanaofanya kazi viwandani kwa zamu. Nyuma ya mlango wake wa mbele kuna ubao wenye misumari, na kwenye misumari kuna funguo za majirani, kila mmoja umefungwa kipande chake cha kitambaa. Anayetoka zamu anachukua, anayeingia zamu anaacha. Ubao huo ulikuwepo tangu nikiwa mtoto, na kwa kuwa ulikuwepo, sikuwahi kuutazama.

Tulikunywa chai kwa viazi vitamu. Nikasambaza nakala za jedwali, nilizokuwa nimezichapisha kwa rangi kwa gharama yangu. Kaka aliitazama yake kwa mbali, kama mtu anayeangalia picha ya arusi ambayo hakualikwa.

"Hii yote ya nini?" alisema. "Mshahara wa California ni mkubwa. Basi. Mkutano umeisha."

"Si mshahara, kaka. Ni kile kinachobaki baada ya makato."

"Makato! Mimi nimekatwa miaka thelathini na mmoja. Nilikufa?"

Kaka ana sanduku lenye hati zake zote za mshahara, na nimeziona: kwenye baadhi, orodha ya makato ni ndefu kuliko jina lake. Lakini hajawahi kutaja kiasi alichopeleka nyumbani. Hutaja kile cha juu, kabla ya makato.

Mlango ukabishwa, akaingia mwanamke mwenye koti la kiwandani. "Cucu, nichukue ufunguo," alimwambia Mama, akimwita bibi kama mtaa mzima unavyomwita.

"Chukua, mama. Mzee wako alipita saa tisa, akala, akarudi."

"Alikula nini?"

"Si mimi nilipika. Nilisikia tu sufuria."

Mwanamke alicheka, akatoa ufunguo wenye kitambaa cha bluu, akaenda. Kaka akasubiri mlango ufungwe, kisha akanigeukia.

"Sasa nisikize, Daktari. Texas ni Thika. Jua kali, nafasi kubwa, viwanda, nyumba rahisi. California ni Ruiru. Kodi juu, foleni, na kila mtu anajiona yuko karibu na mambo."

"Huo si uchambuzi."

"Si uchambuzi, ni ukweli. Unataka dada yako aende Thika kwa sababu pesa zitabaki. Haya. Mbona wewe ulitoka Thika ukaenda kulipa ghali Ruiru?"

"Kazi," nilisema.

"Kazi yako iko Juja. Juja iko katikati."

Mke wangu aliinama akaanza kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa. Nilisema kitu kuhusu miundombinu. Sikumbuki ni kitu gani, na kumbukumbu za mkutano, ambazo niliziandika mwenyewe, zinasema tu kwamba "katibu alitoa ufafanuzi".

Mama alikuwa ameweka nakala yake chini ya birika, ili meza isiungue.

Saa kumi na moja dada alipiga simu ya video. Kwao ilikuwa asubuhi. Alikuwa ndio ametoka zamu ya usiku na alikuwa ameketi ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali, bado na sare. Tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Tulisalimiana, tukasifu Mungu, tukasema amekonda, akasema sisi tumenenepa. Kisha mwenyekiti akafungua kikao rasmi na kunipa nafasi.

Nilisoma jedwali lote. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho, dada alinikatiza.

"Ngoja. Hiyo ni nini, ploti zinazobaki?"

"Ni kipimo tu. Cha kurahisisha."

"Kwa hivyo nikikaa California mimi ni ploti ngapi?"

"Si wewe. Ni akiba yako."

"Na nikienda Texas?"

Nilimwambia. Alicheka, lakini alicheka huku akifumba macho, kama mtu aliyechoka. "Na ziko upande gani, hizo ploti zangu? Zisije zikawa zimekaa juu ya nyumba ya mtu Ruiru."

Kaka alipiga goti lake kwa furaha. Mke wangu hakumenya chochote, alinitazama tu. Nikagundua kwamba watu wote chumbani walikuwa wanajua kuhusu nondo zangu, na kwamba siri pekee niliyokuwa nayo ilikuwa imesimama juu ya paa kwa miaka sita, ikionekana hadi barabarani.

"Mshahara," alianza kaka, akitaka kurudisha mkutano kwenye mstari, "mshahara wa California..."

"Mtoto yuko wapi?" Mama aliuliza.

Alikuwa amesogea mbele, uso wake ukajaa kwenye simu. Dada ana binti wa miaka saba, na wanaishi wawili tu.

"Amelala nyumbani, Mama. Kuna msichana ninamlipa akae naye usiku."

"Msichana wa nani?"

"Sijui ni wa nani. Ni wa kwenye simu. Unabonyeza, wanakuletea mtu."

"Wa kwenye simu," Mama alirudia polepole.

"Wanawachunguza kwanza, Mama. Wako na vyeti."

"Na leo ukichelewa hapo hospitali, huyo wa simu akitaka kwenda kwake, ni nani atafungua aingie akae na mtoto? Ufunguo wa nyumba yako uko kwa nani?"

Nilidhani mtandao umekatika. Nikasogeza kopo la sukari. Haukuwa umekatika. Dada alikuwa anaangalia mahali fulani nje ya dirisha la gari.

"Kwa sasa hakuna," alisema mwishowe. "Alikuwepo."

Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hatukuwa tumemuuliza. Kulikuwa na mama mmoja, mzaliwa wa Kakamega, muuguzi kama yeye, aliyekuwa akikaa ghorofa ya chini yake. Walipishana zamu kwa makusudi. Huyu akiwa kazini, yule anakaa na watoto wa wote wawili. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mwenzake. Walifanya hivyo miaka minne. Mwezi wa pili mwaka huu yule mama alihamia Texas kumfuata mumewe, na tangu hapo dada alikuwa akilipa watu wa simu, na mtoto alikuwa ameanza kulala na viatu.

"Na viatu?" aliuliza mke wangu.

"Anasema ni ili awe tayari. Sijui tayari kwa nini."

Nje mtu alikuwa anafua, tukasikia maji yakimwagwa.

"Ni yeye aliyenitafutia hii kazi," dada akaendelea. "Kuna nyumba tupu mlango wa pili kutoka kwake. Mshahara ni mdogo. Nilikuwa nataka mtu aniambie kama ni ujinga. Kuacha pesa yote hiyo kwa sababu ya mtu wa kushika ufunguo."

"Mbona hukusema hivyo tangu Jumatano?" nilimuuliza. Niseme tu kwamba niliuliza kwa uchungu wa mtu aliyechapisha kwa rangi.

"Ningesema hivyo kwa kamati?"

Mwenyekiti alikohoa. Alivuta nakala yake ya jedwali, akaitazama, akaigeuza upande usioandikwa.

"Huyo mama wa Kakamega," Mama aliuliza, "ni mtu wa aina gani?"

"Mzuri, Mama. Anaongea sana. Aliwahi kuishi Kiandutu, akifanya kibarua kiwandani, kabla ya kwenda kusoma."

"Kiandutu hii ya hapa Thika?"

"Hiyo hapo."

"Ngai!" Mama aliinuka nusu kutoka kitini. "Kumbe ni jirani! Na mnakaa hapa mkiniambia mambo ya mashamba." Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, jambo ambalo huwa halifanyi kwa sababu anaogopa kuizima. "Si ujinga, unanisikia? Nenda. Si ujinga hata kidogo."

Dada alisema anasikia. Alisema mtandao unasumbua, ingawa haukuwa unasumbua, na akafunika kamera kwa kiganja. Alipoondoa kiganja, macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa amerudi kuwa yeye. "Katibu," aliniita, "andika kwamba Texas imeshinda. Si ulitaka ishinde?"

Kaka alinipa mkono kunipongeza, kwa dharau iliyopimwa vizuri. Mama akasema sikushinda chochote, kwamba nilifika nyumbani kwa kupitia barabara isiyofika. Nikakubali. Nikachukua kalamu, na mbele yao wote, kwenye ule mstari uliokuwa wazi, nikaandika "ufunguo". Sikujua niweke rangi gani.

Tulipokuwa tunavaa viatu kuondoka, Mama alisimama kando ya ubao wake.

"Na wenu wa Ruiru uko kwa nani?"

"Sisi tuko ndani ya geti, Mama. Kuna mlinzi."

"Mlinzi ana ufunguo?"

"Hapana. Ana rungu."

Aliniangalia kwa huruma, kama vile angemwangalia mpangaji mgeni.

Ijumaa dada aliandika kwenye kundi kwamba amekubali kazi. Kaka alijibu kwa mistari mitatu ya maombi. Mimi nilijibu kwa ile picha ya mikono inayopiga makofi, kisha nikapanda juu ya nyumba nikazitazama nondo. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba mshahara mdogo zaidi pamoja na gharama za kuhama, na nyumba ambayo hatimaye angetaka kuinunua huko, havingeacha hata mfuko mmoja wa saruji. Mke wangu alipanda akiwa na beseni la nguo. "Bora," alisema, akianika. "Ungejenga, ningeanika wapi?"

Swali la Mama liliendelea kunisumbua, kwa hiyo Jumamosi nilitengenezesha ufunguo wa ziada pale mjini Ruiru na kuvuka hatua ishirini hadi nyumba ya mkabala. Tumeishi hapo miaka sita. Nilijua gari la jirani, mbwa wa jirani, na hata ratiba ya jenereta ya jirani. Jirani mwenyewe nilimjua kwa kupungiwa mkono kupitia kioo. Alifungua mlango akiwa na taulo begani.

"Sasa, jirani," nilisema. "Nimekuletea ufunguo wetu."

Alirudi nyuma hatua moja. "Kwani mnahama?"

"Hapana. Ni wa kukaa nao tu. Kukiwa na jambo."

"Jambo gani?"

"Lolote."

Aliutazama ufunguo kiganjani mwangu kama mtu anayeonyeshwa simu ya wizi. Kisha uso wake ukalegea, na nikaona kwamba alikuwa mtu mwema, ambaye pengine angekuwa rafiki yangu kama mmoja wetu angewahi kushuka garini. "Ningechukua, mzee," alisema. "Lakini sisi ndio tunahama. Mwisho wa mwezi. Tunaenda Thika. Kule nyumba ni rahisi, na maji hayana chumvi."

Nilimpongeza. Ningeweza hata kumpa jedwali.

Dada alihamia Texas mwezi wa nane. Binti yake, tunaambiwa, hulala bila viatu, ingawa bado anataka taa ya ukumbini iwake. Desemba mtu mmoja wa kanisa lao alikuja nyumbani likizo na akamletea Mama bahasha. Ndani yake mlikuwa na soksi, picha ya mtoto akiwa kwenye ngazi za nyumba mpya, na ufunguo. Mama hakuuliza ni wa nini. Alichana kipande cha kanga ya zamani, akaufunga, akautundika kwenye ubao.

Jumapili iliyofuata nilipeleka na wangu. Aliutundika pembeni ya ule wa Texas, akaniletea sahani ya viazi.

Nilikuwa bado nakula alipoingia yule mwanamke wa koti la kiwandani kuchukua ufunguo wake wa kitambaa cha bluu. Akaona kuna sura mpya ubaoni.

"Cucu, hizi mbili ni za nani? Mbona hazichukuliwi?"

"Huo ni wa Texas, kwa binti yangu. Huo mwingine ni wa Ruiru."

"Woi, kumbe! Huyo wa Texas ako mbali sana."

"Aca, hapana," Mama alisema, akinimiminia chai bila kunitazama. "Wa Ruiru ndio ako mbali. Wa Texas hunipigia kila siku."